Chukua Penseli

Botagoz, weka chini hilo sanduku.
Vua buti; theluji itayeyuka yenyewe hapo mlangoni.
Chai ina maziwa tayari, na nina neno nawe
kabla hujaanza kuwapigia simu wajomba.

Mimi nilianza na wajomba.
Mwaka ule kantini ya mgodi ilipofungwa
na sufuria zangu zikauzwa kwa kilo, kama chuma chakavu,
nilinunua krimu arobaini kwa fedha ya kodi.
Shangazi alichukua mbili kwa haya,
binamu moja kwa huruma,
jirani wa chini moja, ili niondoke.
Halafu ukoo ukaisha.
Ukoo huisha upesi, Botagoz, kuliko sanduku.

Ukumbini walitufundisha kupiga kelele.
Bwana Serzhan, tai yake ya zambarau,
alipanda jukwaani akauliza, "Nani tajiri hapa?"
Nasi mia tatu, wengine hatujala tangu asubuhi,
tukaitika, "Mimi!"
Nilirudi kwa miguu, Karaganda imeganda, koo limekauka,
nikiwa tajiri hadi kwenye kona ya duka la mkate.

Usinielewe vibaya. Moyo unatakiwa.
Lakini moyo ninaousema mimi hauna kipaza sauti.
Ni ule uliopanda ngazi za Mama Lyudmila
mara ya pili,
baada ya ile ya kwanza, mlango ulipokaribia kuninyofoa pua.
Lifti mbovu. Ghorofa ya tano.
Kwenye ya tatu nilisimama, nikalia kidogo,
nikajifuta kwa skafu, nikaendelea.
Hakuna aliyepiga makofi.

Na moyo peke yake ungenifikisha kizingitini tu.
Pale nilihitaji mdomo unaojua kufungwa.
Mara ya kwanza nilikuwa gunia lililotoboka:
vitamini, punguzo, ndoto, zawadi ya safari,
dengu chini, dengu kila mahali.
Mara ya pili niliuliza, "Mikono imefanya nini?"
Akanisimulia mikono: maji ya baridi,
sabuni kali ya kufulia ovaroli za makaa,
na ovaroli moja ambayo bado imening'inia,
mwenyewe hakurudi kutoka zamu ya usiku.
Dakika arobaini. Sikufungua sanduku.
Nilipoaga, yeye ndiye aliyesema,
"Hiyo ya bluu, bei gani?"

Usiku niliandika:
*Lyudmila. Mikono. Hataki harufu ya waridi.
Pensheni tarehe tisa.*
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na mteja vivyo hivyo.

Daftari likanileta kwenye hesabu,
hesabu ikanitia adabu.
Nauli, sampuli, kiingilio cha ukumbi:
miezi saba nilikuwa nikimlipa Serzhan
anitazame nikijiita mfanyabiashara.
Nilikata mstari mwekundu juu ya neno "faida",
nikaacha ukumbi,
nikaanza kujifunza kuuza, kama nilivyojifunza kupika:
kwa kuunguza.

Sasa umekuja wewe. "Chini yangu", wanasema,
neno ambalo silipendi. Sogea, kaa kando yangu.
Gari sikuahidi.
Wengi tulioanza nao wana krimu zilizochacha uvunguni,
na si wote waliokuwa wavivu.
Mimi nalipa kodi kwa wakati,
sikukuu nyama ya farasi haikosi,
na baridi hii nimebadilisha buti.
Ndiyo hayo. Ukitaka makubwa kuliko hayo,
ukumbi bado uko palepale, Jumamosi saa nne.

Ukitaka haya, kesho tunaanza jengo la kumi na saba.
Lifti? Mbovu.
Sanduku tutaliacha hapa.
Utabisha, utauliza, utanyamaza.
Nyamaza hata kimya kikikuwasha.
Tukitoka, ngazini palepale, kabla hujasahau, andika.

Hapana, si kalamu hiyo.
Huku wino huganda.
Chukua penseli.